Maldivi au Shelisheli: usiku saba kwa mfuko wa walimu wawili

Mwalimu_Kisauni

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wa waliotangulia. Mwakani mimi na mke wangu tutatimiza miaka 15 ya ndoa, na tangu siku ya harusi nimekuwa nikimwahidi safari ya visiwani ambayo kila mwaka huahirishwa, mara kwa karo, mara kwa matibabu, mara kwa ujenzi. Sote ni walimu hapa Mombasa, kwa hiyo nafasi tuliyo nayo ni likizo ya Aprili au ya Agosti. Tiketi za ndege nimezitengea fungu lake. Zikishalipwa tutabakiwa na dola 1,500 za Marekani za kulala usiku saba, kula, kuvuka baina ya visiwa na kutembea kidogo. Nayumba kati ya Maldivi na Shelisheli. Kila tangazo ninalolifungua linaonyesha nyumba za mbao zilizojengwa juu ya maji, na bei ya usiku mmoja inapita mshahara wangu wa mwezi. Je, nchi hizi zina mlango mwingine wa kuingilia, au nitafute pengine?

Dau_la_Shela

Mwalimu, mlango upo, nami nimeupita mara mbili kwa upande wa Maldivi.

Kwanza ufahamu kwamba katika bahari ile ile kuna Maldivi mbili. Ziko hoteli ambazo kila moja imekodi kisiwa kizima, na mgeni akishashushwa gatini hana pa kununua hata chupa ya maji ila kwa mwenye hoteli. Kisha viko visiwa vya wananchi wenyewe, zaidi ya 180 kati ya visiwa karibu 1,200 vya nchi hiyo, vyenye misikiti, shule, maduka na viwanja vya mpira. Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 watalii hawakuwa na gesti za kulala katika visiwa hivyo. Utaratibu ulipobadilishwa, wenyeji walianza kujenga gesti za vyumba vitano, kumi au ishirini, na kisiwa cha Maafushi, kusini ya mji mkuu wa Malé, ndicho kilichotangulia kujaa. Nililala huko kwa dola 55 kwa usiku, chumba cha wawili pamoja na chai ya asubuhi. Bahari niliyoogelea ni ile ile inayoogelewa na anayelipa dola 1,000.

Kinachokula fedha ni usafiri, wala watu hawakihesabu mapema. Feri ya umma kutoka Malé hadi Maafushi huchukua kama saa moja na nusu, na nauli yake ni ya dola chache tu. Boti ya mwendokasi hufika chini ya saa moja kwa dola 25 hadi 30 kwa kila mtu. Kadiri kisiwa kinavyokuwa mbali ndivyo boti inavyopanda bei, na vile vinavyofikiwa kwa ndege za kutua majini msivifikirie, maana nauli ya kwenda na kurudi ya mtu mmoja inaweza kupita dola 400. Katika safari yangu ya kwanza wakala mmoja alinikatia chumba cha bei nafuu sana katika kisiwa cha mbali, akanyamaza kuhusu boti, nami niligundua nikiwa uwanja wa ndege kwamba boti ya kwenda na kurudi ilikaribia gharama ya usiku tatu za chumba. Ulizeni nauli ya boti kabla ya kuuliza bei ya kitanda.

Pili ni kodi. Bei inayoonyeshwa mtandaoni mara nyingi haijajumlisha kila kitu. Iko kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 6 kwa kila mtu kwa kila usiku katika gesti ndogo na dola 12 katika hoteli kubwa. Iko kodi ya huduma za utalii, asilimia 17 tangu Julai 2025. Na iko tozo ya huduma ya asilimia 10. Kwenu wawili kwa usiku saba, kodi ya mazingira peke yake ni dola 84.

Kuhusu maisha ya huko, nchi ni ya Kiislamu, pombe hairuhusiwi katika visiwa vya wakazi, na vazi la kuogelea la wazi huvaliwa katika kipande maalumu cha ufukwe kilichotengwa kwa wageni. Kwa sisi watu wa pwani hakuna kigeni hapo. Asubuhi mtaletewa mas huni, yaani samaki jodari aliyechambuliwa na kuchanganywa na nazi, kitunguu na pilipili, pamoja na mkate wao wa roshi ambao mkeo atautambua kuwa ni ndugu wa chapati.

Binti_wa_Likoni

Kaka Mwalimu, hongera kwa ndoa yenu, na tafadhali usiifute Shelisheli kwa sababu ya matangazo. Mimi na dada yangu tulikaa siku nane huko, na ninaipenda kwa jambo moja ambalo halipatikani kwa urahisi Maldivi: mtu hafungiwi mahali pamoja. Fukwe zote ni za umma kwa sheria, hata zile zilizo mbele ya hoteli kubwa. Mahé na Praslin zina mabasi ya umma yanayozunguka kisiwa kwa nauli ndogo, ingawa mizigo mikubwa hairuhusiwi ndani na jioni huacha kupita mapema. Sisi tulipanga nyumba ya kujipikia, tukanunua samaki na mboga katika soko la Victoria, na mchana tulikula kwenye vibanda vinavyouza wali, samaki na mchuzi kwa bei ambayo katika mgahawa wa watalii isingetosha hata kwa soda mbili.

Ugumu uko kwenye malazi na feri. Nyumba ya kujipikia iliyo safi na ya kawaida ilitugharimu euro 85 kwa usiku, na chini ya hapo tulikuta vichache sana. Feri ya kutoka Mahé hadi Praslin huchukua kama saa moja, na mgeni hulipa kwa kiwango kilicho juu ya cha mwenyeji, zaidi ya euro 50 kwa kila upande. Kutoka Praslin hadi La Digue ni robo saa tu. La Digue watu huenda kwa baiskeli, na nakuhakikishia kwamba asubuhi ile tulipoendesha chini ya minazi kuelekea Anse Source d'Argent, kabla wageni wa siku moja hawajashuka kwenye feri, nilisahau hesabu zote. Ufukwe huo hufikiwa kwa kupita katika shamba la L'Union, ambalo lina kiingilio. Bonde la Vallée de Mai kule Praslin, lenye ile minazi ya ajabu izaayo mbegu kubwa kuliko zote duniani, nalo lina kiingilio kisicho kidogo, ila ningelipa tena.

Tena kuna undugu ambao sikuutarajia. Kuanzia mwaka 1861 manowari za Uingereza zilikuwa zikiwashusha Mahé watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa yaliyotoka pwani yetu hii, na mlimani bado kuna magofu ya shule iliyofunguliwa mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wao. Nilisimama pale muda mrefu. Na lile tunda ambalo Waswahili tunaliita shelisheli, wao huamini kwamba mgeni akilila kwao lazima atarudi.

Mzee_Matlai

Wanangu, mmezungumza fedha vizuri, lakini hamjazungumza upepo, na Mwalimu ameuliza juu ya Aprili na Agosti.

Pepo za visiwa hivyo ni hizi hizi zetu, kaskazi na kusi, ila hazileti kitu kimoja kila mahali. Kusi inayovuma kwetu katikati ya mwaka, ikivuka ikweta, hupinda na kuwa upepo wa kutoka kusini-magharibi, ikiwa imebeba unyevu wa bahari nzima, na kwa hiyo Maldivi, ambayo kwa sehemu kubwa iko kaskazini ya ikweta, hupata mvua na mawimbi kuanzia Mei hadi Oktoba. Wenyewe huuita msimu huo hulhangu. Kaskazi, ambayo wao huiita iruvai, ndiyo inayowaletea ukavu kuanzia Januari hadi Aprili. Shelisheli iko kusini ya ikweta, kwa hiyo mambo yake ni kinyume: kusi huleta siku kavu na za baridi kidogo, na mvua kubwa huja Desemba hadi Februari kwa upepo wa kaskazini-magharibi.

Kwa hiyo mkienda Agosti, Maldivi mtakuta bei imeshuka na mvua inaweza kuwakalisha ndani siku mbili mfululizo. Shelisheli mwezi huo mvua ni chache, lakini bahari baina ya Mahé na Praslin huchafuka na watu hutapika kwenye feri; fukwe zinazotazama kusini-mashariki huwa na mkondo mkali, kama Grand Anse ya La Digue ambako si pa kuogelea kabisa, ilhali Beau Vallon na Anse Lazio, zilizokingwa na upepo huo, huwa shwari. Aprili ni mwezi wa kati ya kaskazi na kusi, upepo umekufa huku na haujaamka kule. Shelisheli bahari hutulia kama kioo, na Maldivi mnaupata mwisho wa ukavu, hasa mkienda mapema kabla mwezi haujaisha. Mimi ningewaambia Aprili bila kusita, iwe nchi yoyote kati ya hizo.

Mswahili_Doha

Naongeza upande wa karatasi, kwa kuwa nimewaona ndugu wengi wakipitia huku wakiwa na wasiwasi. Maldivi humpa mgeni wa karibu kila taifa viza ya bure ya siku 30 anapofika, mradi ana tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipothibitishwa na fedha za kutosha. Fomu ya kuingilia iitwayo IMUGA hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari, nayo haina malipo. Ukikuta tovuti inayodai fedha kwa ajili yake, iache. Shelisheli nayo haidai viza kwa karibu taifa lolote, lakini lazima uombe kibali cha safari mtandaoni kabla ya kuondoka, na hicho kina ada.

Ninyi mnaotoka Kenya msisahau cheti cha homa ya manjano, kwa kuwa nchi zote mbili hukidai kwa watokao nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukichanjwa wiki ya safari utazuiliwa. Ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi Mahé huchukua kama saa tatu, na wengine hupitia Addis Ababa. Kwenda Malé wengi wa kwetu hupitia Doha au Dubai, na tiketi yake kwa kawaida ni ghali zaidi.

Kijana_wa_Kilindoni

Mwalimu, nilitaka kukushawishi uje kwetu Mafia, ambako papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, huonekana karibu na ufuo kuanzia Oktoba hadi Machi, na malazi hayana kodi hizo zote. Kwa miezi uliyoitaja, hata hivyo, sina haki ya kukuita: Aprili ni masika yenyewe, na Agosti potwe wamekwenda zao. Kama mnatamani kumwona samaki huyo, kusini mwa atoli ya Ari (yaani mduara wa visiwa) huko Maldivi huonekana mwaka mzima, na kisiwa kimoja cha wakazi kilicho karibu naye ni Dhigurah.

Mwalimu_Kisauni

Shikamoo Mzee Matlai, na asanteni nyote. Nimemsomea mke wangu kila neno. Alipofika penye papa potwe alinyamaza, kisha akasema kwamba tangu utotoni amesikia wavuvi wa kwao Vanga wakimtaja samaki huyo na hajawahi kumwona. Kwa hiyo ni Aprili, na ni Maldivi, ingawa moyo wangu mimi ulikuwa umeshapanda baiskeli ya La Digue.

Nimepiga hesabu hivi. Gesti ya dola 65 kwa usiku saba ni 455, na ikiongezwa tozo na kodi inafika kama 585. Kodi ya mazingira 84. Boti ya kwenda na kurudi Dhigurah kwa watu wawili nimekadiria 220. Chakula cha mchana na jioni 300. Safari ya kumtafuta potwe, wawili, 160. Jumla ni 1,349, na inabaki 151 ya dharura. Shelisheli kwa bei za dada Binti ilikuwa inanimalizia akiba yote kabla sijalipa kiingilio hata kimoja. Nilifikiri pia tugawe, usiku tatu Maafushi na nne Dhigurah, ili tuone visiwa viwili. Mnaonaje?

Dau_la_Shela

Usigawe, Mwalimu. Usafiri wa visiwa vingi hupitia Malé, kwa hiyo kila kisiwa unachoongeza ni boti nyingine ya kulipa kwa watu wawili na nusu siku ya kukaa gatini na mizigo, na ile akiba ya 151 itaondoka yote. Kaeni Dhigurah usiku zote saba. Kisiwa ni kirefu na chembamba, na ncha yake ya kusini ina ulimi wa mchanga ambao mkeo atataka kuutembea kila asubuhi. Safari ya potwe ifanyeni siku ya pili au ya tatu, msiiache hadi mwisho, ili siku hiyo samaki asipoonekana muwe bado na nafasi ya kutoka tena.

Chagueni ndege inayotua Malé asubuhi au mchana mapema, kwa sababu boti huwa na ratiba, na anayefika usiku hulipa chumba cha ziada mjini. Epukeni pia kufika Ijumaa, maana feri za umma hazifanyi kazi siku hiyo na boti hupungua. Na kabla ya kulipa chochote, mwandikie mwenye gesti mwenyewe umuulize mambo mawili: bei ya mwisho ikiwa na kodi zote, na saa ya boti siku mnayofika. Nilipofanya hivyo safari ya pili, mwenye gesti alinijibu siku ile ile na siku ya kufika alitungoja gatini na mkokoteni wa mizigo.