Wakuu, "XD" ni kicheko au amenuna? Na "Yes" yangu ina kosa gani?

Mwanagenzi: Habari zenu wakuu. Najifunza Kiingereza mwenyewe, mwaka wa pili sasa, kwenye kikundi cha kuchati chenye watu wa kila nchi. Wiki hii tunasahihishiana insha wawili wawili. Mwenzangu, dada mmoja wa Poland, akaniuliza: "You haven't sent it yet?" Kweli sikuwa nimetuma, nikamjibu "Yes :P". Hiyo :P nilijua ni uso wa mtu anayeomba radhi. Kumbe dada wa watu amekesha akisubiri insha. Asubuhi nakuta: "You said yes!!! XD". Nisaidieni, nimeshaharibu?

Kibogoyo: 😂😂😂 Mkuu, yaani kazi umechelewesha halafu unamtolea mtu ulimi! Laza kichwa kushoto uone: nukta mbili ni macho, P ni mdomo na ulimi nje. Huo ni utani, siyo radhi.

Mwl_Mstaafu: Kosa hilo nimelisahihisha miaka mingi. Sisi ukiulizwa "Hujatuma?" unasema "Ndiyo, sijatuma", maana unakubaliana na aliyeuliza. Mwingereza haangalii swali, anaangalia tendo: limefanyika, "Yes, I have", halijafanyika, "No, I haven't". Ulipokata kwenye "Yes", yeye akajua umetuma. Mpaka uzoee, usijibu neno moja, malizia sentensi.

Binti_Pwani: Mwalimu, Wajapani nao wanajibu kama sisi. Niliwahi kusoma nao, tulikuwa tunakosea pamoja 😀

Mleta uzi, tulia. X ni macho yaliyofumbwa kwa kicheko, D ni mdomo wazi. Anacheka huyo. Vijisura vya kulala ubavu ni vya zamani: Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza :-) tarehe 19 Septemba 1982, watu wasichukulie utani kwa uzito. Vya Wajapani husomwa wima, na radhi uliyoitaka wanayo: m(_ _)m, mikono miwili chini, kichwa kimeinama.

Mwanagenzi: Asanteni sana. Nimemwandikia: "Sorry, I have sent it last night m(_ _)m"

Mwl_Mstaafu: Aa, umeruka mkojo! Kiswahili cha mazungumzo "nimetuma jana" inapita. Kiingereza ukishataja wakati uliokwisha, "have" inaondoka: "I sent it last night." Na umetuma saa ngapi, wakati asubuhi alikuwa bado analalamika?

Mwanagenzi: Saa nane usiku, mwalimu. Alikuwa hajafungua.

Kibogoyo: Na hukumwambia 😂

Mwanagenzi: Amejibu sasa hivi. "Ok." Na nukta kaweka. Wakuu, hiyo nukta nayo ina maana?

Binti_Pwani: Mh. Nukta baada ya ok moja? Hapo pole, kaka.