Mbuzi yangu imezuiliwa (orodha ya forodha, Creuse, na swali la ISA)

Mama Salma, Leicester. Jumatatu, saa 3 usiku

Assalam alaikum jamaa zangu, na wengine wote hamjambo.

Mnajua mimi na mzee tunahamia Creuse, Ufaransa, mwezi wa tatu inshallah. Kwa notaire (mwanasheria wa mauzo ya nyumba) tumeshatia sahihi, visa za kukaa zimetoka, lori limelipiwa nusu. Leo asubuhi kampuni ya mizigo wamenirejeshea orodha yangu ya forodha. Namba 47 imepigwa mstari mwekundu, na pembeni wanadai cheti cha daktari wa mifugo.

Namba 47 ni mbuzi ya nazi.

Orodha niliiandika daftarini kwa Kiswahili, chumba kwa chumba, maana ndivyo ninavyovihesabu vitu vyangu. Kijana wangu akaipitisha kwenye simu ikatoka Kifaransa. Sasa simu imeandika "chèvre, 1, en bois, vieille". Mbuzi mmoja, wa mbao, mzee. Mstari wa juu yake miko yangu mitatu ya kusongea ugali imegeuka "tabous, 3". Kifaransa changu mimi ni bonjour na merci, ningejuaje?

Nauliza mawili. Kwanza, niandike nini pahali pa mbuzi, na je, orodha nzima irudiwe? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nina ISA mbili (zile akaunti za hapa Uingereza zisizokatwa kodi), moja ya akiba ya kawaida na moja ya hisa. Nizivunje kabla ya kuhama au niziache? Mzee anasema tuache, binti anasema tuvunje, na wa benki anasema mtu anayehamia nje yeye haruhusiwi kumshauri.

Tena friza kubwa naitoa bure kwa atakayekuja kuibeba.

Mama Tunda, Northampton. Jumatatu, saa 3 na dakika 10

Friza ni ya kulala au ya kusimama?

Karanja, Reading. Jumatatu, saa 4 usiku

Pole mama. Lakini mbuzi yako si ungeichinja tu hapo Leicester mle na majirani? Kuvusha mnyama siku hizi baada ya Brexit ni kazi, dada yangu alilipia karatasi za paka pesa nyingi kuliko tikiti yake mwenyewe.

Mjomba Hamadi, Cardiff. Jumatatu, saa 4 na nusu

Karanja, soma kabla ya kujibu. Kakwambia mbuzi YANGU, hakusema mbuzi WANGU. Huyo wako ana miguu minne, hii yake ina meno ya chuma na inakaliwa. Nyinyi wa Nairobi kila kitu "yangu", ndiyo maana hamuelewani hata na watu wa forodha.

Mama Salma, orodha irudie yote. Ile fomu ni Cerfa 10070, na orodha inakwenda nayo nakala mbili, kwa Kifaransa, ina tarehe, ina sahihi, na kila kitu kina thamani yake ya kukadiria. Vitu viwe vyako na umevitumia si chini ya miezi sita. Una miezi kumi na miwili tangu kuhama kuviingiza bila ushuru, na ukishaviingiza usiuze wala usiazimishe kwa miezi kumi na miwili mingine. Mimi nilipohamia Mayenne, hukohuko Ufaransa, 2022 nilinunua sofa jipya mwezi mmoja kabla, risiti ikakutwa imebandikwa chini ya mto. Nililipa VAT ya Ufaransa, asilimia 20, kwa sofa ambalo nilishalilipia VAT hapa.

Omba S1 yako (fomu ya matibabu kule kwa gharama ya Uingereza) mapema, maana wewe unalipwa pensheni ya serikali ya hapa. P85, ile ya kuwaarifu watu wa kodi kwamba umehama, usiisahau.

Furaha, Limoges. Jumanne, saa 1 asubuhi

Mama Salma, jambo. Nimecheka mpaka bwana yangu akauliza kama niko mugonjwa. Andika "râpe à coco sur tabouret, bois, usagée". Miko andika "cuillères en bois". Usiache neno ya Kiswahili hata moja mule, watu ya forodha hawana mashairi.

Mimi niko huku tangu 2011, nilitoka Bukavu, sikupita kwenu Uingereza, lakini dossier (faili ya karatasi) ni dossier. Sikia hii. CPAM, ofisi ya bima ya matibabu, watakuomba cheti ya kuzaliwa, ile ndefu yenye majina ya baba na mama, na traducteur assermenté (mutafsiri aliyeapishwa) aitafsiri. Sasa huku mwanamke iko na jina ya baba yake mpaka kaburini. Ya bwana ni ya kuazima tu. Kama pasipoti yako iko na jina ya mzee na cheti iko na jina ya baba, peleka cheti ya ndoa siku ileile, usingoje waombe. Mimi dossier yangu ilirudi mara tatu juu ya hiyo jina. Ya tatu nililia palepale kwa guichet (dirisha ya ofisi), mama mumoja Mfaransa akanipa kitambaa.

Na tafuta daktari MBELE ya kuhama. Creuse ni desert, madaktari wazee wamefunga, wapya hawakuji.

Shangazi Zuhura, Lot-et-Garonne. Jumanne, saa 6 mchana

Mwanangu, kuhusu ISA wengine watakueleza, mimi nataka nikwambie habari ya vitu.

Mwaka 2019 tulihama na masanduku 140. Mia moja na arubaini! Leo hii ghalani kuna 31 hayajafunguliwa, na juu ya moja kuna mwandiko wangu mwenyewe "jikoni, MUHIMU". Muhimu gani, miaka yote hii nimepika bila hilo sanduku? Nyumba ya mawe ina unyevu ambao hujawahi kuuona. Magodoro yalipata kuvu mwaka wa kwanza, picha za harusi zimeshikana kama chapati zilizolala. Khanga zangu tu ndizo zilizosalimika, nilizitia ndani ya pipa la plastiki la kupelekea mzigo Mombasa, lenye kifuniko cha chuma. Basi nenda kanunue mapipa.

Gawa. Lakini mbuzi ya nazi, kinu na chetezo usimpe mtu. Nazi zenyewe utazipata. Ukipita na ndizi, nanasi na nazi kwenye begi hawakudai karatasi za mimea. Samli, maziwa na nyama ndivyo watakavyotupa mbele ya macho yako. Mimi walinitupia kopo la samli ya Kisomali niliyopewa na marehemu wifi yangu, na yule kijana alilishika kwa vidole viwili kama panya.

Halafu hili hakuna aliyeniambia. Unapojaza kodi kule, kila akaunti ya benki uliyo nayo nje unaiandika kwenye fomu 3916. KILA akaunti. Mimi nilisahau moja ya Mombasa yenye shilingi elfu nne na kitu, ya kulipia ulinzi wa kiwanja. Faini ni euro 1,500 kwa akaunti. Tulibembeleza, nikaandika barua mbili, wakaniachia kwa kuwa niliitaja mwenyewe kabla hawajaiona. Sasa kaeni na mzee mhesabu, hata zile akaunti za zamani zilizolala.

Karanja, Reading. Jumanne, saa 7 mchana

Na M-Pesa?

Shangazi Zuhura, Lot-et-Garonne. Jumanne, saa 7 na robo

Usinitie hofu.

Mjomba Hamadi, Cardiff. Jumanne, saa 10 jioni

Shangazi kwa heshima zote, wewe ulihama 2019 ukapata ile kadi ya waliotangulia Brexit. Mama Salma anaingia kwa visa ya mgeni, lazima aithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu, alipe stempu ya kodi, na kazi haruhusiwi. Si sawa na yako.

ISA sasa. Neno ISA Ufaransa halina maana yoyote. Ukishakuwa mkaazi kule, riba na faida vinatozwa kodi kama akaunti nyingine yoyote, na ukiwa nje huruhusiwi kuongeza pesa humo. Ya akiba haina cha kuharakia, riba ni riba tu. Ya hisa ndiyo yenye neno.

Pensheni ya NHS (hospitali za serikali za hapa) inakatwa kodi Uingereza tu, kule unaiandika kwenye fomu 2047 ya mapato ya nje na wanakufutia. Ile ya serikali ya uzeeni inatozwa Ufaransa, kwa hiyo unajaza fomu ya France-Individual ili usikatwe mara mbili.

Mama Tunda, Northampton. Jumanne, saa 11 jioni

Si NHS yote. Mimi nilifanya zahanati ya daktari binafsi miaka tisa, nikaambiwa hiyo haihesabiwi ya serikali. Usimwambie mtu "tu".

Friza inaingia kwenye gari langu la Zafira?

Mjomba Hamadi, Cardiff. Jumanne, saa 11 na dakika 5

Mama Salma alikuwa nesi wa wodi. Nilijibu swali lake, si lako.

Karanja, Reading. Jumanne, saa 2 usiku

Mimi naona tunazunguka. Mtu ametoka Lamu, amefanya kazi miaka thelathini kwa baridi, halafu akistaafu anaenda kutafuta baridi ingine yenye lugha ingine? Si mtu angerudi tu nyumbani. Hiyo pesa ya nyumba ya mawe unajenga Kilifi na unaajiri mtu wa shamba. Hata gari yenu ikiwa haijapita miaka nane inaingia Mombasa, usukani uko upande wake. Ufaransa utaendesha ukichungulia kama kobe.

Mama Salma, Leicester. Jumanne, saa 3 usiku

Karanja mwanangu, unadhani sikuhesabu?

Pensheni ya uzeeni ya hapa ukiipeleka Ufaransa inapanda kila mwaka kama ya aliyebaki. Ukiipeleka Kenya inaganda siku uliyoondoka. Tanzania hali ni hiyohiyo. Mzee mmoja tuliyekuwa naye hapa Leicester alirudi Mombasa 2010 na pensheni kamili ya wakati ule, pauni 97.65 kwa wiki. Hadi leo anapokea pauni 97.65. Wenzake waliobaki hapa, pensheni ileile, walifika 176.45 mwaka wa fedha wa 2025/26. Kalipa michango sawa na wao, senti kwa senti. Kila akinipigia simu anaanza na hesabu hiyo kabla hajaniuliza hali.

Na nyumbani kwenyewe nani yuko? Mama kashakwenda, nyumba ya Langoni wamegawana wajukuu ambao wananijua kwa picha. Mzee wangu ni mtu wa Derby, joto la Lamu lilimlaza siku nne mara ya mwisho. Creuse tulikwenda likizo 2014, tukalala nyumba ya bibi mmoja mwenye mbuzi (WAKE, Mjomba, wenye miguu). Alfajiri nikatoka nje kutia udhu nikasikia jogoo na maji ya mto, basi. Nikamwambia mzee, hapa.

Mjomba Hamadi, Cardiff. Jumanne, saa 4 usiku

Hapo umenena. Na haya yote yasingekuwepo, visa, Cerfa, sofa langu, kama si ile kura ya Brexit ya 2016. Na humu ndani kuna waliopiga kura ya kutoka, wanajijua.

Mama Tunda, Northampton. Jumanne, saa 4 na dakika 3

Kama unanisema mimi nitaje. Niliambiwa NHS itapata pesa, na mimi nilikuwa nafanya zamu za usiku watu wawili kwa wodi nzima. Wewe ulikuwa wapi, Mayenne?

Karanja, Reading. Jumanne, saa 4 na dakika 10

😂😂 Mayenne alikaa miezi kumi na minne tu.

Mjomba Hamadi, Cardiff. Jumanne, saa 4 na robo

Mke wangu aliugua. Sikuja hapa kuchekwa.

Msimamizi. Jumanne, saa 5 usiku

Jamani. Siasa pembeni, na Karanja mtake radhi Mjomba. Yupo anayejua vizuri hiyo ISA ya hisa?

Furaha, Limoges. Jumatano, saa 12 na nusu asubuhi

Pole Mjomba, hatukujua.

Mama Salma, ukifika andika hapa. La Souterraine mpaka Limoges iko treni, haichukui hata saa moja. Huku iko duka inauza mihogo na pondu (kisamvu), unga ya ugali pia, na mbuzi yako tutaitumia, mimi nazi ninanunua ya kopo tu, bwana yangu anasema inaonja sabuni. Leta koti nzito. Na kuni agiza mwezi wa sita, usingoje baridi, watakuuzia mbichi, na poêle (jiko ya kuni) itatoa moshi tu. Bomba la moshi lifagiliwe na uchukue certificat, watu ya assurance (bima) wanaiuliza nyumba ikiungua.

Karanja, Reading. Jumatano, saa 2 asubuhi

Mjomba niwie radhi, sikujua. Mungu amponye mama.

Shangazi Zuhura, Lot-et-Garonne. Jumatano, saa 4 asubuhi

Mimi hisa zangu nilivunja kabla, wakati bado ni mkaazi wa huko, sikukatwa kitu. Lakini zilikuwa kidogo, za kununulia mashine ya kufulia.

Furaha mwanangu, hilo duka linauza bamia mbichi?

Mama Salma, Leicester. Jumatano, saa 8 mchana

Nawashukuru nyote. Orodha mpya nimeituma, sasa mbuzi ni râpe à coco. Wamejibu kwamba namba 47 iko sawa lakini namba 52 wanataka ufafanuzi. Namba 52 ni kinu na mchi, simu imeandika "moulin". Wanauliza ni kinu cha upepo au cha maji, na kina urefu gani.

Mjomba, mpe pole mke wako, nitampigia Ijumaa.

Ile ISA ya hisa mimi bado. Mzee kasema tusubiri mpaka mwezi wa pili tuone soko linakwendaje, binti kanuna.

Mama Tunda, Northampton. Jumatano, saa 8 na dakika 5

Zafira nimeipima, viti vya nyuma vikilala inaingia. Jumamosi saa tano nitakuwa hapo na shemeji. Je, ina ile droo ya barafu?