Ushauri: Mgahawa wangu unaishi kwa makaa ya mawe, na mitambo inafungwa. Nihame au nibaki?

MamaIlham
Habari zenu wanajamvi. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mtu wa Tanga, huu mwaka wa 12 niko Afrika Kusini, mkoa wa Mpumalanga, si mbali na Emalahleni. Wenyeji wanasema jina hilo maana yake ni mahali penye makaa, na kweli kila kitu hapa ni makaa. Nina mgahawa wa meza sita. Saa kumi alfajiri niko jikoni nasukuma chapati na kuchemsha supu, kwa sababu zamu ya asubuhi inapita kwangu: wachomeleaji, wafunga majukwaa, madereva wa malori ya makaa. Hao ndio walionisomeshea watoto.

Sasa kituo kimoja cha jirani mitambo yake inazimwa kidogo kidogo, na wakandarasi wanapunguza watu. Nilikuwa natoa sahani 140 kwa siku. Leo nikifika 80 nashukuru Mungu. Mdogo wangu anachomelea mabomba ya boila, na mkataba wake unafanywa upya kila miezi mitatu. Mwezi ujao hajui kama yumo.

Msinielewe vibaya, moshi siutetei. Ilham wangu ana pumu, na siku za upepo siwezi kuanika shuka nje, linaingia ndani na vumbi jeusi. Nataka umeme wa jua na upepo uje. Ila nauliza, ukija mimi nakula wapi?

Nina akiba ya randi 160,000. Mdogo wangu anasema tuhamie Northern Cape kwenye mashamba ya sola, nifungue mgahawa huko. Mume wangu anasema tununue paneli na inveta tuuze. Mama anasema nirudi Tanga. Nishaurini kama dada yenu.

Mzalendo_wa_Pangani
Pole dada. Rudi nyumbani, randi hizo hapa ni mtaji.

BabaAsifiwe
Mama Ilham, salamu. Mimi ni wa Uvira, lakini nilikaa karibu miaka miwili Northern Cape wakati wa kujenga shamba moja la sola. Nilikuwa kibarua wa kufunga fremu, na mke wangu alipika.

Mwaka wa kwanza tulidhani tumefika Kanaani. Watu mamia, wote wana njaa, maduka yako mbali. Paneli ya mwisho ikafungwa, mabasi yakaja, watu wakaondoka. Waliobaki ni walinzi, wakata nyasi, waosha paneli na mafundi wachache sana. Mke wangu alibaki na sufuria kubwa nne na wateja tisa. Jua halina zamu tatu kama boila, mama. Boila inataka watu usiku na mchana, na kila baada ya muda inafunguliwa kutengenezwa. Shamba la sola likishasimama, linajifanyia kazi.

Mdogo wako kijana, akitaka aende. Wewe usihamishe jiko.

FundiSola_Jozi
Nakubaliana na Baba Asifiwe, na niongezee la paneli maana ndilo ninalokula nalo.

2023 simu yangu haikulala. Mgao wa umeme ulikuwa karibu kila siku, mwenye nyumba yupo tayari kukopa alimradi apate betri. Mwishoni mwa Machi 2024 mgao ukasimama, ukakaa zaidi ya miezi kumi bila kurudi. Wenzangu waliojaza stoo kwa mkopo walikwama na mzigo, na bei ya paneli huku inashuka. Shemeji atanisamehe, lakini kununua mzigo bila kujua kazi ni kutupa akiba.

Tena hapa huwezi kuunganisha sola kwenye umeme wa nyumba halafu ukaondoka. Lazima fundi aliyesajiliwa atoe cheti cha usalama wa nyaya, bila hicho bima ya nyumba inaweza kukataa kulipa. Mdogo wako akitaka njia hii aanze na mtihani wa ufundi umeme. Vyeti vya nyumbani vinapelekwa SAQA, mamlaka ya vyeti ya Afrika Kusini, kutathminiwa kwanza. Inachukua muda, aanze sasa wakati bado ana mshahara.

Nyaya_na_Nguzo
Dada, kabla hujaamua, uliza swali moja: wateja wako wanatoka kituo gani? Watu wanasema "makaa yanakufa" kama vile yote yanakufa siku moja. Kusile, hapo jirani na Emalahleni, mtambo wake wa sita umeingia kwenye gridi 2025. Ule ni uwekezaji wa megawati 4,800, hauzimwi kesho. Camden, Grootvlei na Hendrina, ambavyo ni vikongwe, vimesogezwa mbele hadi 2030. Makaa bado yanatoa takriban asilimia 80 ya umeme wa nchi hii.

La pili, usiihame Mpumalanga kwa kudhani umeme mpya wote uko Cape. Jua na upepo mzuri uko huko, kweli, ila nyaya za kuuleta zimejaa. Kwenye zabuni ya serikali ya nishati jadidifu ya 2022 hakuna mradi hata mmoja wa upepo uliochaguliwa, kwa kuwa njia za Cape hazikuwa na nafasi. Mpumalanga nyaya nene zipo tayari, zilijengwa kwa ajili ya makaa. Ndiyo maana Juni 2022 Eskom, shirika la umeme la serikali, ilikodisha ardhi yake kuzunguka vituo vya makaa vya Majuba na Tutuka kwa kampuni binafsi za nishati jadidifu. Mtambo ukifungwa, nyaya zinabaki, na mwenye paneli anazifuata.

MamaIlham
Nyaya_na_Nguzo, asante, hilo la nyaya sikulijua kabisa. Na Komati, kile kituo cha makaa kilichofungwa, je? Ndiyo inayonitia hofu. Watu wanaitaja kama msiba.

Nyaya_na_Nguzo
Una haki ya kuogopa. Komati ilianza 1961, mtambo wa mwisho ukazimwa Oktoba 2022. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497: sola megawati 150, upepo 70, betri 150. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Lakini kituo kilizimwa kabla vipya havijajengwa. Wafanyakazi wa Eskom walihamishiwa vituo vingine, ila wa mikataba, kama mdogo wako, hawakuwa na pa kuhamishiwa. Tume ya Rais ya Tabianchi ilisema wazi kuwa maandalizi ya watu yalichelewa.

Kwa hiyo usingoje fedha za ahadi. Dola bilioni 8.5 ambazo nchi tajiri ziliahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021, kuisaidia nchi hii kuachana na makaa, sehemu kubwa ni mikopo, na Marekani imejitoa 2025. Haziji kununua supu yako.

Ila Komati wamefungua kituo cha mafunzo na karakana ya kuunganisha makontena ya sola na betri. Makontena yanachomelewa. Mdogo wako aende akaulize mwenyewe.

BabaAsifiwe
Na wewe mama, kwa nini ungoje watu waje? Mke wangu siku hizi anapika, anapeleka chakula kwa bakkie (pikapu) kwenye maeneo matatu ya kazi. Kazi ikihama, sufuria inahama, nyumba inabaki.

MamaIlham
Jamani nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na mume wangu. Paneli ameziacha.

Jana nilianza kuwauliza wateja mmoja mmoja kituo wanachotoka, naandika kwenye daftari. Kati ya 74, 31 wanatoka Kusile. Sikuwahi kujua! Mdogo wangu anakwenda Komati Jumatatu. Baba Asifiwe, naomba uniulizie kwa mama watoto: chapati anazifunga na nini zifike bado laini, na bakkie aliinunua au anakodi?