Rejeta za juu zinachemka, sebuleni chini baridi. Tatizo ni boila?

baridi_sebuleni
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nyumba yetu ni ya zamani, ya ghorofa moja, inapashwa joto na zile rejeta za chuma za ukutani, boila inachemsha maji halafu pampu inayasukuma. Sasa shida ni hii, vyumba vya juu joto mpaka tunalala madirisha wazi, huku sebuleni watoto wanashinda na makoti. Rejeta kubwa ya sebuleni ukiishika juu inaunguza ila chini karibu na sakafu imepoa kabisa, na ile ya mwisho karibu na mlango wa nyuma ni vuguvugu tu. Fundi aliyekuja kasema ninunue boila kubwa zaidi. Kabla sijatoa hela yote hiyo nataka kujua, kweli boila ndo tatizo?

spana_mkononi
Usinunue boila mkuu! Kama juu kunachemka basi joto lipo, ila haligawanywi sawa. Maji yanapita penye njia rahisi, rejeta za juu zikishajinywea zinazofuata zinabaki na makombo. Angalia kila rejeta ina valvu mbili, moja ya kuzungusha kwa mkono na nyingine upande wa pili imefunikwa na kofia ya plastiki, hiyo ya kofia ndo ya kubalansi, yaani kugawa maji sawa kwa kila rejeta. Fungua zote mpaka mwisho, halafu nenda kwenye zile zinazochemka sana uzibane kwa spana kidogo kidogo, robo mzunguko, subiri kama nusu saa ndo ushike tena. Ya mlango wa nyuma usiibane hata kidogo, iache wazi. Ukiwa na kipimajoto cha bomba pima linapoingilia maji na linapotokea, kwenye mifumo mingi ya zamani tofauti ya nyuzi kama 10 hadi 12 kwa kila rejeta ni nzuri.

mama_wawili
Naongezea kwa spana_mkononi, kabla ya kubalansi shughulikia hiyo ya sebuleni kwanza. Rejeta ikiwa baridi juu ni hewa, ikiwa baridi chini kama yako ni tope, ile kutu nyeusi inayotoka ndani ya chuma chenyewe inazama na kuziba chini maji yasipite. Hata ubalansi vipi hiyo haitapona. Inabidi ifungwe valvu zote mbili, zilegezwe nati zake, itolewe nje isukutuliwe kwa mpira wa maji mpaka yatoke meupe, na tafadhali tandika matambara na beseni chini ya valvu kabla hujalegeza nati maana hayo maji ni meusi kama wino na kwenye zulia hayatoki. Ukirudisha weka dawa ya kuzuia kutu kwenye mfumo, la sivyo tope linarudi.
Hewa nayo toa, zima boila, acha ipoe, tumia kile kifunguo kidogo kufungulia tundu la hewa juu ya rejeta, ikishaacha kupumua na maji yakaanza kudondoka funga. Halafu cheki presha, kama mfumo ni wa kufungwa (usio na tangi la maji darini), maji yakiwa baridi iwe kati ya bar 1 na 1.5, ikiwa chini ongeza maji.

dirisha_wazi
Swali kwanza, una uhakika ni maji na sio mvuke? Ya mvuke mara nyingi ina bomba moja tu na kitundu kinachozomea hewa, hayo ya kubalansi hapo juu hayahusu. Pia kuna sofa au pazia refu mbele ya hiyo ya sebuleni? Na ngazi yenu ikiwa wazi joto la chini linapanda lote juu, ziba mianya ya milango ya chini, baridi nyingi inaingilia hapo.

baridi_sebuleni
Asanteni sana aisee. Ni maji, mabomba mawili kila rejeta. Na kweli kuna sofa imeegemea pale pale, leo naihamisha. Tope naanza nalo wikiendi. Je nikiweka zile valvu zinazojifunga zenyewe chumba kikishapata joto, niweke nyumba nzima?

spana_mkononi
Weka vyumba vya juu, zitakusaidia sana. Ila pale ilipo thamostati ya ukutani (kile kifaa kinachopima joto la chumba na kuzima boila) usiweke, rejeta ya hapo iache wazi, la sivyo valvu itajifunga mapema, thamostati haitafika joto uliloweka na boila itaendelea kuunguza bure.