Gumzo la Ukoo: Figo za Baba Mkubwa

Salim, saa 1:12 jioni
Asalaam aleikum, wana ukoo. Majibu ya Baba yametoka. Kreatinini, yaani taka ya damu inayochujwa na figo, ambayo wiki 3 zilizopita ilikuwa 118, leo imefika 436, na mkojo wake, wenye rangi ya chai ya mkandaa tangu Ijumaa, umepungua hata haujazi chupa ndogo ya maji kwa kutwa nzima. Daktari anataka apelekwe Dar es Salaam akatolewe kinyama cha figo, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwa sindano kikapimwe. Nimeomba tushauriane usiku huu.

Shangazi, saa 1:20
Waaleikum salaam. Figo iliyo taabani tena ikachomwe sindano? Mwezi uliopita tuliambiwa ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, akameza vidonge vya siku 7. Huenda haikuisha tu. Kwa nini asirudie dozi kwanza?

Rukia, saa 1:34
Shikamoo Shangazi. Mwenye UTI kwa kawaida huungua anapokojoa, na Baba Mkubwa hakuungua hata siku moja. Zaidi ya hapo, nimezungumza na mtu wa maabara aliyeutazama mkojo wa leo asubuhi ukiwa bado na joto lake: ameona chembe nyekundu zilizokunjamana, na nyingine zimegandamana zikawa kama vipande vya mrija mwembamba. Umbo hilo hufinyangwa ndani ya vijifereji vya figo, wala si kibofuni, kwa hiyo damu inavuja kwenye vichujio vyenyewe. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni 1, na kila kimoja ni kifundo cha vijishipa. Kuta zake zikivimba na kupasuka, chembe hujazana pembeni na kukibana, hata chini ya darubini ukaona umbo la hilali. Hilali zikienea katika zaidi ya nusu ya vichujio, figo inaweza kufa ndani ya wiki chache.

Salim, saa 1:41
Mbona altrasaundi imeonyesha figo zina ukubwa wa kawaida? Mimi nilishaanza kushukuru.

Rukia, saa 1:45
Shukuru, ila kwa sababu nyingine. Figo iliyougua miaka mingi mara nyingi husinyaa. Ukubwa wa kawaida pamoja na kreatinini ya 436 unatuambia kwamba ugonjwa huenda ni mpya, na kwamba bado kuna cha kuokoa.

Mama Mdogo, saa 1:52
Mwanangu, na chanzo chake ni nini hasa? Hanywi pombe, na kisukari hana.

Rukia, saa 2:07 usiku
Mara nyingi ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe, Mama Mdogo, na hufanya hivyo kwa njia tofauti. Pengine kingamwili hushambulia utando wa kichujio, na huo wa mapafu pia, ndiyo maana nimekuwa nikiuliza kama anakohoa damu; akikohoa, msingoje asubuhi. Pengine mabaki ya vita vya kinga hunasa kwenye vichujio, kama ilivyo kwa lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili, au baada ya maambukizi ya koo na ngozi. Kwa watu wa umri wake, linalotokea zaidi ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaofuatana na kingamwili ziitwazo ANCA. Damu imeshachukuliwa kupima hayo yote, pamoja na homa ya ini na VVU, lakini kinyama ndicho kitakachoonyesha hilali ni ngapi na kama zimeshageuka makovu. Salim, uliza mapema kama kipande kimoja kitawekwa kando bila formalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama, kwa ajili ya kipimo cha rangi zinazong'aa. Vyote vikitumbukizwa humo, kipimo hicho huharibika.

Shangazi, saa 2:15
Na akivuja damu?

Rukia, saa 2:19
Inawezekana, Shangazi, sikufichi. Ndiyo maana watashusha presha kwanza na kupima kuganda kwa damu, kisha watamtia ganzi, atalala kifudifudi, na sindano itaongozwa na altrasaundi. Baadaye atalala chali kwa saa kadhaa huku mkojo wake ukiangaliwa. Majibu yakichelewa, madaktari wanaweza kuanza dawa kali za kutuliza kinga kabla hayajafika. Kurudia vidonge vya UTI kutamla siku 7 ambazo hana. Jambo jingine: nani ana mfuko wa dawa zake?

Mama Mdogo, saa 2:31
Ninao hapa mezani. Kuna amlodipini ya presha, kuna diklofenaki ya maumivu ya magoti, na kopo la haidralazini, nayo ya presha, ambayo anaimeza tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Rukia, saa 2:33
Haidralazini inaweza kuamsha ANCA kwa baadhi ya watu, hata baada ya miaka ya kuitumia. Diklofenaki nayo huweza kuumiza figo, asiiguse tena. Salim, mpigie daktari wa zamu sasa hivi, umsomee majina yote na aamue kuhusu haidralazini kabla ya dozi ya usiku.

Shangazi, saa 2:40
Basi aende. Gari langu lina mafuta. Nitakuwa mlangoni saa 11 alfajiri.