Ngozi na ubongo vinatokaje katika tabaka moja?

Mwanafunzi wa ukunga, Jinja: Ndugu zangu, inakuwaje ngozi na ubongo vitokane na tabaka moja la kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika tumboni?

Mkunga, Mbale: Mwanangu, katika wiki ya 3 kiinitete hujipanga matabaka matatu. La nje hujikunja mgongoni, kama jani la mgomba tunalofungia matoke, hadi kingo zake zikutane na kuwa mrija, ambao ndio ubongo na ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Sehemu inayobaki juu huwa ngozi.

Mwalimu wa biolojia, Gulu: Mrija huo hufunga ifikapo siku ya 28 hivi, wakati kina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, ndiyo maana nasisitiza asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija huo ufunge vizuri, ianzwe kabla ya mimba.

Mwanafunzi: Asante, mama. Na mapafu?

Mkunga: Utando wake wa ndani hutoka tabaka la ndani la kiinitete, pamoja na ule wa utumbo.