Binzari ya paketi au viungo vya kutwanga mwenyewe, ipi inatoa mchuzi wa maana?

Geto_Uyole: Wakuu habari za baridi. Mchele wa Kyela ninao, tatizo mchuzi hauna ladha. Nichukue binzari ya mchuzi ya paketi au vile viungo vizima vya kupima pale sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya? Nina jiko moja la gesi, blenda sina. Na nazi huku bei juu, maziwa yanafaa?

MamaWawili: Mwanangu paketi sio mbaya, mnaikosea tu, unakuta mtu nyanya zishaiva maji yashamwagwa ndo anakumbuka kunyunyiza binzari juu, hapo lazima usikie unga mbichi. Harufu ya viungo inatoka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, tia tangawizi na swaumu, punguza moto, binzari kijiko cha chakula kwa nusu kilo ya nyama, koroga nusu dakika then nyanya fasta, maana ikiungua inakuwa chungu na hairekebishiki.

Mbao_Mafinga: Shikamoo mama ila hapo napinga kidogo. Paketi ishasagwa zamani, harufu ishaondoka unabaki na umanjano. Chukua giligilani vijiko viwili, binzari nyembamba kimoja, pilipili manga nusu, karafuu tatu, hiliki nne na kipande cha mdalasini. Kaanga bila mafuta moto mdogo hadi vinukie, twanga, manjano ongeza mwisho. Blenda ya nini?

Geto_Uyole: Si vitakaa hadi nioe mkuu 😂

Mbao_Mafinga: Vikae tu, vizima vinatunza harufu kuliko vya unga. Twanga vya wiki moja moja.

Binti_Tukuyu: Kwa kuku mtindi unatosha kabisa ila usiumwage wa baridi kwenye mchuzi unaotokota, utakatika. Upige na kijiko cha unga wa ngano, zima jiko, mimina kidogo kidogo, rudisha moto mdogo. Karanga za kusaga nazo tamu kwa kienyeji, ila zinashika chini so usiende kuchati. Samaki wa Kyela hapana, huyo mtafutie nazi.

Konda_Kabwe: Wali mmeusahau. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100, kwa hiyo ukifuata vipimo vya watu wa Dar utakula kiini. Ongeza maji kidogo, funika vizuri, usiwe na haraka. Na wa Kyela unanukia wenyewe jamani, usiuwekee hiliki, pilau pikia wa Mbarali.

Geto_Uyole: Poa, naenda na vizima na mtindi. Kinu cha swaumu ninacho.

MamaWawili: Hicho hicho ukitwangie hiliki?? Nunua kingine, utakuja kunywa chai ya swaumu.